Daftari la Kilomita

Saa kumi na nusu alfajiri, Soweto bado inakoroma.
Nafunga kamba za viatu gizani,
mafundo mawili kushoto, mguu huu ni mbishi,
natoka kwa kunyata nisimwamshe Ndeshi.

Hadi Rau na kurudi: kumi na moja na nusu.
Naandika. Kazini mimi ni mtu wa vitabu,
afisa mikopo wa chama cha akiba, nyuma ya stendi;
najua shilingi ndogo ikilala vizuri huamka kubwa.
Miaka mitatu nimeweka, sijatoa hata senti:
Jumanne vilima vya Kibosho, Alhamisi kasi,
Jumamosi ile ndefu, hadi mipunga ya Mabogini,
ndizi moja mfukoni, chumvi kwenye kipande cha karatasi.

Kisha akaja Anaeli.

Anaeli anaziba pancha Mbuyuni.
Alijiandikisha Ijumaa kwa ajili ya fulana.
Usiku wa kuamkia mbio alikuwa harusini, akala, akacheza,
asubuhi akatokea na raba za kuazima,
namba kifuani imeshikwa na pini moja
ikipepea kama jani la mgomba lililochanika.
Akanipita kilomita ya sita, kwenye mwinuko,
pale ambapo mimi huhesabu nguzo za umeme
ili nisiyafikirie mapafu.
"Hivi barabara hii inatokea wapi?" akaniuliza.
Sentensi nzima. Hakuhema.

Dakika kumi na tisa alinizidi. Nazo nimeziandika.

Haba na haba hujaza kibaba, walitufundisha.
Hawakusema kuna aliyezaliwa na debe
limejaa pomoni, naye hana habari
hata kama lina kifuniko.

Wiki ile sikukimbia. Nilimwaza Muumba kama meneja
anayepitisha mikopo minono bila dhamana,
halafu wewe anakurudisha na fomu yako
ukalete barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Jumatatu nikampelekea gurudumu la baiskeli.
(Nililitoboa mwenyewe, kwa msumari. Nakiri.)
Akazamisha mpira kwenye beseni, akisaka mapovu.
"Mwakani utakimbia?"
Akacheka. "Kukimbia kunachosha, bosi."
Nikambembeleza: njoo alfajiri, ratiba ninayo.
Siku ya kwanza alikuja, akaniacha kwenye kona ya kwanza.
Ya pili alituma ujumbe saa tatu: nimepitiwa.
Ya tatu sikumngoja.

Nilipomwona tena alikuwa anasugua kiraka kwa msasa,
hakuinua hata macho:
"Kuamka kule mimi siwezi. Nimejaribu.
Mwili unagoma kama mtoto siku ya mtihani.
Wewe mwenzangu umejaliwa."

Umejaliwa.

Nimetembea na neno hilo kama kokoto kwenye kiatu.
Maana mama yangu, kule Uru, alikata majani ya ng'ombe
kabla ya jogoo, miaka thelathini,
na ng'ombe walipouzwa aliendelea kuamka,
akisimama uani na mundu mkononi,
hana pa kuupeleka.
Basi hata hili nililoliita jasho langu
huenda ni la kurithi, nimekabidhiwa bila hati.
Sijui. Nimejaribu kuliandika kwenye daftari
nikakosa safu ya kuliweka.

Mwaka huu nimepunguza sekunde arobaini.
Anaeli hakukimbia. Alikuwa kando ya barabara
na chapati kwenye gazeti, mafuta hadi kiwikoni,
akaniita "Bosi!" kwa sauti iliyomgeuza hata askari.
Nilitaka kumjibu. Pumzi ilikuwa ya kukopa,
nikainua kidole kimoja tu.

Leo mvua, bati linapigwa ngumi.
Saa kumi na nusu.
Mguu wa kushoto umeshaanza ubishi wake.
Nafunga.