Kichwa Namba 2417

Capreol, Ontario, Januari, digrii thelathini na nne chini ya sifuri.
Ukivuta pumzi, nywele za pua zinagandana.
Kichwa namba 2417 kimerudi,
mara ya tatu wiki hii, na malalamiko yaleyale
kwa mwandiko wa dereva, Rhéal Bastien,
aliyekandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka:
Hewa inashuka yenyewe. Sijagusa kitu.

Mara ya kwanza walibadilisha valvu yake.
Mara ya pili, mipira ya mabomba, mbele na nyuma.
Kila mara walikiingiza gerejini, kwenye joto,
wakajaza hewa mpaka pauni tisini,
wakaikodolea macho geji.
Mshale haukutikisika.
Wakaandika: Hakuna kasoro.
Rhéal akaanza kuitwa mwoga, chinichini.

Aune Lahtinen hakuandika chochote.
"Huyu ni mgonjwa," alisema,
"anayepona mlangoni kwa daktari.
Kiacheni nje. Kilale na baridi yake."

Kikalala.
Saa nane za usiku tukakiendea, mimi mwanagenzi na tochi,
nikidhani breki hushika kwa hewa anayoisukuma dereva.
"Kinyume," akasema, akifunga skafu.
"Hewa ya bombani ndiyo inayozizuia.
Ikipungua, kila behewa linatoa akiba yake, linajishika.
Treni haisimami kwa kuamriwa, kijana.
Husimama kwa kunyamaziwa."

Tukafunga koki ya mbele, koki ya nyuma.
Akamwambia Rhéal aitenge valvu yake
isije ikajaza kwa siri kile kinachovuja.
Tukahesabu dakika.
Tisini.
Themanini na saba.
Themanini na mbili.
"Basi imo humu humu mwilini," akasema,
na nikaona kwamba amefurahi.

Sabuni haikufaa: povu liligeuka kioo
kabla halijatoa jibu.
Akaomba injini izimwe, dakika tatu tu.
Rhéal akagoma (baridi hii, nani atawajibika isipowaka?)
kisha akaizima mwenyewe.

Kimya. Hata theluji ilisikika ikijipanga.
Halafu, mahali fulani chini ya sakafu, sss,
kama mtu anayembembeleza mtoto chumba cha pili.

Aune akavua glavu, akalowesha kiwiko cha mkono kwa ulimi,
akaupitisha polepole kando ya valvu, bila kugusa chuma.
"Hapa."

Gasketi. Haizidi kifuniko cha chupa ya jamu.
Baridini inasinyaa, inaachia mdomo;
gerejini inavimba, inajifanya haijui kitu.
Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta,
lakini huu ni ufa unaojiziba
kila anapotokea fundi.

Boliti nne. Moja niliiangusha thelujini,
nikaitafuta kwa magoti muda mrefu kuliko kazi yenyewe.
Injini ikawaka, ikikohoa.
Tisini.
Tisini.
Rhéal hakushangilia. Alisimama tu kwenye ngazi,
akasema: "Liandike."

Aune akatoa karatasi, akaiegemeza kwenye bamba.
Kasoro ilikuwapo. Dereva alisema kwe—
wino ukaganda.
Akaitia kalamu kwapani, akangoja,
kisha akaanza mstari upya.