Dole Gumba

Chumba cha pili cha upasuaji, Moshi, saa mbili na robo asubuhi.
Aikande Shao, mshonaji wa Kiborloni,
amevuliwa pete, imebaki alama ya pete.
Ananiuliza kama mtu anayeulizia nauli:
"Nitasikia?"

Nasema hapana. Kisha nasema tena hapana,
maana ile ya kwanza niliisema kwa mazoea.

Nyongo yake ina mawe. Daktari Mfinanga anataka tumbo laini,
tumbo lisilobishana na kisu.
Namlaza kwanza: dawa nyeupe kama maziwa inaingia mshipani,
kope zinaacha kunijibu.
Ndipo naziba mfongo.

Kwetu Kibosho mfongo ulishuka kutoka msituni
hadi kihambani kwa baba,
na mwenye zamu aliuziba kwa magome ya mgomba na tope.
Maji hayakufa. Yalikuja vilevile, yakasimama pale,
yakanung'unika,
na migomba ya upande wa pili ikabaki na kiu
bila kujua nani kafanya nini.

Ndivyo ilivyo hapa. Neva haijalala.
Inaleta ujumbe hadi ukingoni,
inamwaga vitume vyake, vitabuni vinaitwa asetilikolini,
vinavuka mwanya mwembamba kuliko uzi wowote wa Aikande,
vinafika mlangoni kwa msuli, vinakuta
kiti kimekaliwa.
Dawa yangu imekaa. Haifungui, haiondoki.
Mgeni asiyekula wala kupisha wenzake wale.

Kifundoni mwa mkono nimebandika nyaya mbili.
Kimashine kinagonga neva mara nne, gumba linaitika:
nne, zikififia;
tatu;
mbili;
moja, kama mtu anayeitika akiwa mbali shambani;
kisha kimya.
Gumba lililosukuma vitenge chini ya sindano miaka ishirini na sita
limelala kiganjani kama la mtoto.
Hata pumzi sasa iko mikononi mwangu.

Na hapa ndipo ninapoogopa.

Msuli kunyamaza si usingizi.
Mwaka wangu wa kwanza, usiku, umeme ukikatika na kurudi,
chupa ya mvuke iliisha na sikuitazama.
Ndekirwa, dereva wa trekta mashamba ya miwa, alilala tuli.
Tukamsifu kwa utulivu.
Asubuhi, koo likikwaruza, akaniambia:
"Mlikuwa mnabishana bei ya mbolea.
Wewe ulisema imepanda.
Nilitaka kuinua kidole. Kimoja tu."

Hakunilaumu.
Alitaka kujua kama kweli imepanda.

Tangu siku ile sipigi soga juu ya mtu asiyeweza kubisha.
Natazama chupa. Natazama mapigo ya moyo, jasho la paji,
pembe ya jicho,
kwa sababu chozi lina njia yake, halipiti mlango ule.

Saa nne kasoro. Mawe saba kwenye kibakuli, makubwa kama buni.
Nasubiri gumba liitike lenyewe, mara mbili,
ndipo natoa dawa ya kuzibua.
Haimfukuzi mgeni. Inamshika mkono mfagiaji tu,
yule anayefagia vitume kila vikitua,
basi vinazidi, vinasongamana, vinasukumana mlangoni
mpaka mgeni anaona haya, anapisha.

Tatu, ya tatu hafifu.
Daktari Mfinanga ameshavua glavu, anauliza kuna nini.
Nasema bado.
Tatu.
Nne, ya mwisho ikichechemea.
Bado.
Nne zilizo sawa.

Hapo tu nazima mvuke.

Jicho moja linafunguka, linatafuta dari.
"Mama Shao, nibane mkono."
Ananibana, kucha na yote, naacha anibane.
Kisha, midomo ikiwa mikavu, ananong'ona:
"Mnaanza saa ngapi?"