Sekunde Arobaini

Huku Umoja kuta ni nyembamba.
Nyaboke hushangilia bao
simu yangu ingali ikizungusha kiduara.
Hujua matokeo kabla mpira haujapigwa,
kisha hutazama tu,
kuihakiki furaha ya jirani.

Jumanne haikuwa mpira. Taarifa ya habari:
waziri anafafanua ushuru wa bando,
mdomo umeitangulia sauti,
nami nacheka peke yangu
kama mtu anayetazama vichekesho.

Ng'ambo ya ukuta Nyaboke akapiga ukelele
usio wa bao.

Mwanawe aliaga asubuhi, anaelekea mjini:
chupa ya maji, bendera,
raba alizoazima kwangu.

Nikaishika simu kwa mikono miwili.
Kiduara kikazunguka.
Nikakiomba kisisimame.