Daftari la Uchunguzi

Mama alicheka mpaka akauweka chini ungo wa karanga.
"Ada yote ile, ya kusomea kulea?
Nyie saba nimewalea kwa cheti gani?"
Tuliobaki ni watano.
Hilo sikulisema.

Nikaanza mwezi wa Saba, Nkuhungu,
upepo unapokoroga vumbi jekundu
mpaka unalikuta kwenye chumvi, kwenye masikio,
katikati ya kurasa za daftari jipya.

Mwalimu Perisi Senyagwa hakutupa viti.
"Kaeni chini. Macho yenu na yao yalingane.
Ukisimama mbele ya mtoto, wewe ni mnara wa simu."
Tukakaa, watu wazima kumi na wanane,
magoti yanalia kama milango.

Kisha akagawa kazi:
mtoto mmoja, dakika kumi kila siku.
Usimguse. Usimwite.
Andika unachokiona,
unachodhani kiache nyumbani kwenu.

Mimi nilipewa Nyemo,
miaka mitatu na miezi miwili,
mama yake anakoroga zege kule Mtumba,
anamleta alfajiri, kichwa kimefunikwa kanga,
anamchukua nyota zikiwa zimetoka.

*Saa tatu na robo. Amekaa mlangoni. Ana gunzi la hindi.*
*Saa tatu na dakika kumi na nane. Gunzi amelifunga kitambaa.*
*Saa tatu na dakika ishirini. Ameitwa kucheza. Hakwenda. Ni mkaidi.*

Kalamu nyekundu ikanirudia:
*Ukaidi umeuona wapi? Ulikuwa na rangi gani?*

Siku ya nne nikaandika: *Hasemi.*
Nyekundu tena:
*Hasemi kwa lugha gani?*

Nililala na swali hilo.
Mimi, niliyekisugua Kigogo ulimini
kama mtu anavyosugua bakuli la mlenda,
kwa mchanga, kwa majivu, kwa aibu,
ili bweni lisinicheke.
Na bado kila nikigonga kidole,
aliyelia ndani yangu hakulia Kiswahili.

Siku ya tisa.
Wenzake wanagombania tairi,
mpishi anagonga sufuria ya uji wa uwele,
Nyemo ameshika kifuniko cha soda,
anakipuliza: fuu. Fuu. Fuu.
Mara tatu, si mbili,
kisha anakipeleka kwenye mdomo wa gunzi,
taratibu, mkono mwingine chini ya kidevu
usidondoke hata tone.

Nikavunja sheria.
Nikasogea kwa makalio, vumbini, na sketi ya chuo.
Nikasema polepole, kama kwa mkwe:
"Mbukwa."

Hakuinua kichwa.
Upepo ukalipiga bati, ukalikosa, ukarudia.
Halafu akaliambia gunzi, si mimi:
"Mbukwa."

Ilikuwa saa tatu na dakika ngapi, sijui.
Ukurasa ule mpaka leo ni mweupe.
Akanipa kifuniko. Nikapuliza mara mbili.
Akanitazama
vile vile Mwalimu Perisi anavyotazama daftari langu.
Nikapuliza ya tatu.

Jioni Mama yuko kwenye ungo wake.
"Haya, leo mmefundishwa nini?"
"Uji unapulizwa mara tatu."
Nilingoja kicheko.
Akaendelea kumenya, ganda, ganda, ganda.
"Huyo mama yake, Mtumba anarudi saa ngapi?"
"Usiku."
"Na mtoto anakula nini akingoja?"

Akachota karanga ukufi mmoja,
akazifunga kwenye pindo la kitenge chakavu,
akanipa, kisha akanipokonya.
"Zitwange kwanza," alisema, bila kuniangalia.
"Nzima zitampalia."

Hiyo ni sura ya nne ya kitabu chetu,
tulikuwa hatujaifikia.
Nikaenda kutafuta kinu.