Viti Vidogo

Jumanne, saa kumi na mbili jioni, mjini Hull,
mvua ya Novemba inapiga ubavu wa shule.
Maktaba imepangwa viti vya watoto wa miaka sita.
Tumekaa, magoti yakikaribia videvu,
walimu wanane, wazazi watano,
na mimi, koti la zamu ya usiku tayari mwilini.
Mke wangu hakuja. Yuko kiwandani,
anashona mapazia ya nyumba za magurudumu
ambazo watu wengine huzivuta kwenda likizo.

Bwana Osgerby hakuanza na maneno.
Aligawa karatasi: andikeni majina yenu
kwa mkono wa kushoto.
Kisha akafungulia redio mbili, kila moja na stesheni yake,
akawasha taa, akazima, akawasha, akazima,
akatuvisha shingoni vipande vya gunia,
huku akiuliza upesi upesi:
Jana ulikula nini? Nitazame ninapokuuliza!
Bi Blenkin, mwalimu wa miaka thelathini,
aliweka kalamu chini, akaziba masikio.

"Dakika tatu tu," akasema, akazima kila kitu.

Mimi sikuzihitaji hizo dakika tatu.
Nilikaa ndani yake miaka miwili tangu nifike:
foleni ya ofisi, karani anayezungumza haraka,
maana inanifikia akishamwita mwingine,
nami natazama viatu vyake
kwa sababu uso wake ulikuwa na kelele.
Wakaandika: haelewi.

Kwetu Uvira tulikuwa na majina ya mtoto kama wangu,
na hakuna hata moja ningependa alisikie.
Shangazi alisema kwenye simu, mpelekeni akaombewe.
Neno usonji nililipata hapa, kwa jirani Mtanzania,
nikalirudia basini mpaka kituo changu kikapita.
Neno dogo. Halikuniponya.
Ila nilipata pa kushika.

"Nani anamjua Wilondja?" Osgerby akauliza.
Mwalimu wake akafungua faili, akasoma,
nami nikatafsiri kichwani:
hatulii, hatazami, hashiriki.
Ha, ha, ha,
kama mtu anayecheka bila furaha.

Nikainua mkono, kama mwanafunzi.
Nikasema, kwa Kiingereza changu kinachochechemea:
huvuma kabla ya kulia, kama friji;
ukimsikia, una dakika moja.
Asipokutazama, ndipo anapokusikiliza.
Vile vifuniko vya chupa za maziwa si takataka:
cha kijani, anataka nyumbani; cha buluu, anataka nje;
chekundu akikiweka kiganjani mwako,
umekaribishwa, usiseme kitu.
Na ile mashine ya kukausha mikono chooni
kwake ni ndege inayotua kichwani.

Kalamu zikakimbia.
Sikuwahi kuona walimu wakiandika
maneno yanayotoka kinywani mwangu.

Nililelewa na methali ya samaki,
mkunje angali mbichi.
Nilijaribu. Mungu anisamehe,
nilijaribu kwa sauti na kwa mkono.
Hakukunjika. Aliacha tu kuvuma kwa wiki nzima,
na nyumba ikawa kimya kiasi cha kutisha.

Basi usiku ule tulikunja chumba.
Mlango wa pembeni badala ya lango kuu.
Ile taa inayopepesa, ibadilishwe.
Taulo za karatasi.
Swali moja, kisha kuhesabu hadi kumi, kimoyomoyo,
bila kulirudia.
Mwalimu mmoja alitazama saa mara nne, akaondoka mapema.
Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilichelewa miaka mitano.

Ijumaa Bi Blenkin alinisubiri getini,
nywele zimelowa, mwavuli ameusahau.
Hakusema ametulia, wala ameshiriki.
Alifungua kiganja:
kifuniko chekundu,
na chini yake, ngozini, duara,
kwa jinsi alivyokikumbatia mchana kutwa.