Chukua Njia, Mbuzi Mwache

Mbuzi wake ana pembetatu mia mbili na kumi na mbili.
Nimezihesabu, usiku, hapa Mabela,
kiyoyozi kikidondosha maji ndooni,
nimeikuza picha mpaka sikio la mbuzi
likawa bonde la vipande vya hudhurungi,
kila kipande rangi moja tu, imetulia,
bila unywele, bila ukungu, bila kuomba radhi.
Ukirudi nyuma, anatafuna.

Shinuna binti Hamdun, wa Ibri. Simjui.
Naujua mwanga wake tu: huingia kushoto kila mara,
kama mtu wa nyumbani asiyepiga hodi.
Nilimwandikia kwa Kiarabu changu cha ofisini,
nikaomba ruhusa ya kuiga.
Siku nne kimya. Ya tano, mstari mmoja:
"Chukua njia. Mbuzi mwache."

Basi nikamchukua baba.

Picha safi ipo moja. Alijipiga mwenyewe
juu kwenye kreni, bandarini Sohar,
kofia ngumu ya njano, kidevu mbele,
anaichekea simu ambayo hajaizoea.
Nukta ya kwanza niliiweka kwenye ncha ya pua,
ya pili, ya tatu, nikafunga.
Kipande cha kwanza: rangi ya kashata iliyoungua kidogo.

Kazi hii ni ya ubahili.
Kwa vipande elfu tisa yeyote atamchora mtu;
kwa mia tatu ndipo unapojua ulimpendea wapi.
Nikapunguza mashavu, yakakubali.
Nikapunguza shingo, na kola.
Sikio likabaki vipande vinne
na bado likasikiliza.
Nikafika kwenye kovu la unyusini,
lile la mnyororo uliokatika mwaka wa tufani,
nikalifuta ili hesabu itimie,
na palepale akawa mwanamume yeyote mwenye kofia.
Nikalirudisha. Vipande vitatu,
vyembamba kama kucha iliyokatwa.
Mia tatu na tatu. Hesabu na inune.

Wahenga wana neno juu ya anayemwiga tembo.
Silimalizii hapa, mama yuko jikoni.

Yuko jikoni kweli: mwezi huenda ukaandama kesho,
anakunja sambusa za kugandisha,
trei ya tatu, hatazami hata mikono yake.
Akaja na vidole vyenye uji wa unga,
akasimama nyuma ya kiti changu.
"Baba yako umemfanya sambusa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Aliinama, miwani ikashuka puani.
"Kovu lilikuwa upande huu,"
akagusa kioo, akaacha doa jeupe
lililofunika unyusi mzima.
"Miaka thelathini na moja nimelala upande huu."

Simu, kwa desturi ya simu, ilikuwa imemgeuza.
Usiku saba nimemjenga, kipande kwa kipande,
mtu aliyejulikana na yeye peke yake,
yule wa kwenye kioo cha kunyolea ndevu.

Kumgeuza ni kubonyeza mara moja tu.
Nikabonyeza. Kovu likahamia kwa mama.
Na mwanga, ule wa Ibri, niliouazima
na kuuweka kushoto kwa adabu zote,
ukaingia kulia,
ukatua pabaya kidogo, chini ya ukingo wa kofia,
ukafanya kivuli ambacho Shinuna asingekiruhusu.
Nikauacha.

"Sasa," akasema mama. "Huyo." Akarudi kwenye trei zake.

Doa la unga sijalifuta.
Ibri sijapeleka kitu.
Mdomo bado haujakaa sawa:
alikuwa na mwanya, mbele, juu,
na mwanya ni kipande usichokiweka.
Nakizungushia pembetatu pande zote,
naziondoa, naziweka tena,
natafuta mahali pa kuacha.