Jiwe Linalokula

Delphine wa duka la samaki, barabara ya Notre Dame,
alilitoa ndani ya kopo la mtindi akasema:
Dola tisa. Likifa, usinirudishie.
Tumbawe la ubongo, ukubwa wa ngumi ya mtoto,
nyama imerudi nyuma kama ufizi,
mfupa mweupe uko nje upande mmoja,
upande wa pili kijani kilichochoka.
Nikalifunika kwa koti langu la kazi.
Winnipeg, Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri;
injini ilikohoa mara tatu kabla ya kukubali.

Usiku naendesha gari la jiji la kusukuma theluji,
namwaga chumvi na mchanga njia panda ya Portage na Main,
chumvi ya kuua barafu.
Asubuhi, chumba cha chini ya nyumba,
nakoroga chumvi nyingine katika ndoo,
sehemu thelathini na tano kwa elfu,
bahari ya lita mia moja na sitini
isiyojua kupwa wala kujaa.

Wiki ya kwanza nusura niliue kwa huruma.
Taa nikaipandisha, nikaishusha,
nikalihamisha kulia, kushoto, juu ya mwamba, chini,
nikalichovya kwenye ayodini, nikamimina alkali kwa kikombe
kama mtu anayelipa madeni yote siku ya mshahara.
Likasinyaa. Likatema nyuzi za kahawia.
Nikampigia Delphine. Akaniuliza:
Wewe ukiwa na homa, kitanda chako huhamishwa mara ngapi kwa siku?

Basi nikaliweka mchangani, kivulini mwa mwamba,
mkondo wa pampu ukilipitia kando, mpole,
taa ya buluu nikaipunguza hadi robo,
mikono nikaitia mfukoni.
Papo kwa papo kamba hukata jiwe, husema watu wa kwetu.
Hapa ni kinyume: tone kwa tone jiwe hujijenga,
nami kazi yangu ni kuhesabu matone
mpaka maji ya kipimo yatoke buluu yawe manjano,
kuandika namba kwenye kalenda ya benki,
na kutofanya kitu.
Kutofanya kitu ni kazi ngumu.
Haina malipo ya ziada.

Dada yangu Somoe alicheka simuni hadi akapaliwa:
Unalisha jiwe? Wewe, mtoto wa Mzee Mkopi?
Naam. Uduvi walioyeyushwa, kwa bomba la sindano,
saa tatu usiku kabla sijaingia zamu,
pampu nimezima, taa nimezima,
nasubiri vile vidole vyake,
vyembamba kama ndevu za hindi, vitoke.

Mtoto wa Mzee Mkopi.
Yeye alichoma matumbawe, Mikindani.
Tanuri la magogo, mviringo, siku mbili kulipanga,
usiku kucha likiwaka,
alfajiri mawe yamekuwa unga, nasi weupe hadi kwenye kope.
Chokaa ile ilipaka shule niliyosomea,
ilinunua daftari, ilinunua viatu,
ukihesabu vizuri ilinunua hata tiketi iliyonileta huku.
Hatukujua yanakula.
Hakuna aliyetuambia kuwa yana vinywa.
Sisemi baba alikosa. Tulikuwa saba,
na jiwe halikulia.

Mei sasa. Mto Mwekundu umeshamaliza kutema barafu.
Nimepiga magoti na tochi na kioo cha kukuzia:
ukingoni mwa mfupa, ngozi mpya
ya waridi, nyembamba kuliko utando wa kitunguu,
upana wake ukucha wa kidole cha mwisho.
Kona moja bado ina mwani. Pengine itabaki hivyo.
Leo nimelipa uduvi watatu.
Wawili limewashika.
Wa tatu ameibwa na kamba mdogo, mfagiaji wa tangi,
nikamtukana Kimakonde,
nikazima tochi,
nikapanda ngazi kwenda kulala.